Superman ya 2025: uangalie za zamani kwanza? Na mbona haianzii Krypton, sayari alikozaliwa?

Mkuu, zile za Henry Cavill, Superman aliyepita, huzihitaji. Ukienda nazo kichwani zitakuchanganya bure, maana mwongozaji James Gunn ameanza ulimwengu mpya kabisa. Kilichotangulia ni katuni ya Creature Commandos ya 2024, na inahusika kwa sababu ya Rick Flag mzee tu, yule mtu wa serikali. Usipoiona hupungukiwi. Kuanzia hapa natoboa siri.

Suala la Krypton ndilo lenye nyama. Man of Steel ya 2013 ilikaa huko karibu dakika 20. Gunn, mwenye dakika 129 kwa jumla, anatupa mistari michache ya maandishi kwenye skrini: karne tatu zilizopita, miongo mitatu, miaka mitatu, wiki tatu, masaa matatu, dakika tatu. Mstari wa mwisho unasema steringi ndiyo kwanza kashindwa pambano, mara ya kwanza maishani. Papo hapo anadondoka kwenye barafu, anapiga mluzi, na mbwa Krypto anakuja kumchezea na kumuumiza zaidi kabla ya kumburuta hadi ngomeni. Bila hotuba yoyote umeshajua ana roboti, anatibiwa kwa mwanga wa jua, na mifupa yake huvunjika.

Asili yake haikufutwa, imesogezwa katikati. Akitibiwa, hutulizwa na ujumbe wa wazazi wake wa Krypton, ambao nusu yake imeharibika. Adui yake, tajiri Lex Luthor, anaunasa, nusu ya pili inafufuliwa, kumbe ilimwagiza awatawale wanadamu. Wengi walingoja ifichuliwe kwamba Lex ameughushi. Hakughushi. Ndiyo sababu mwishoni, akiwa kwenye matibabu yale yale, roboti wanamwekea video za nyumbani za akina Kent, wazazi waliomlea duniani. Anayewahi mlango dakika hizo ameikosa filamu.

Onyesho bora halina ngumi hata moja: mpenzi wake Lois, mwandishi wa habari, akimhoji kuhusu kuizuia nchi ya Boravia isiivamie jirani yake Jarhanpur. Mwanzoni anajibu kwa madaha, kwa kuwa amezoea kujihoji mwenyewe kama Clark, jina analotumia akiwa mwandishi wa kawaida, kisha hasira inampanda. David Corenswet, anayemwigiza Superman, nilimkubali hapo kuliko angani.

Kasoro zipo. Watu wa Jarhanpur ni umati wa kuokolewa tu, hawana sura wala jina, wakati kisa kizima kinawategemea wao. Gereza la Lex lililo katika kiulimwengu chake cha pembeni limejazwa picha za kompyuta hadi jicho halijui litue wapi. Halafu zile lenzi pana: kamera ikimsogelea usoni akiruka, pembe za picha zinavutika, na ukikaa safu za mbele utasumbuka. Kaa katikati au nyuma.

Shujaa mwenzake Mister Terrific, anayeigizwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, anang'ara kuliko wote. Pambano lake la ufukweni, vitufe vyake vikiruka huku Lois akiwa ndani ya kinga, linaeleweka pigo kwa pigo, jambo ambalo vurugu za mwisho za jijini hazina.

Supergirl, binamu yake Superman, anakuja kumchukua Krypto, kumbe ni mbwa wake, kabla majina hayajaanza kupita, kwa hiyo huyo hutamkosa. Baada ya hapo kuna vipande viwili: Superman na Krypto wamekaa mwezini, na mwisho kabisa yeye na Terrific wakibishana kuhusu jengo lililounganishwa vibaya. Vyote ni utani tu, havidokezi filamu ijayo. Mwenye haraka aondoke.