Mama Pompe anajibu: Uliza kwanza pampu inakunywa nini

SWALI: Shikamoo Mama. Nina karakana Mwanza. Tunavalisha mpira impela (gurudumu la ndani linalosukuma tope) na laina (ngozi ya ndani ya pampu) za pampu za migodini, pamoja na mabomba ya kusukumia tope. Wateja wangu ni migodi ya dhahabu ya huku Kanda ya Ziwa, na kazi yetu wanaisifu. Rafiki yangu dereva wa lori ameniambia upande wa Kolwezi, Kongo, migodi ya shaba ni mingi na vifaa vyao vinatoka mbali sana. Nimeandikia migodi minne barua pepe na kuambatanisha bei. Hata mmoja hajanijibu. Nikipakia mzigo niende nao mwenyewe, soko nitalipata? Na ni kweli mgeni hawezi kuuza huduma kule?
Fundi Mpira, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzigo usipakie. Najua umeshapiga hesabu ya dizeli, lakini subiri kidogo, maana kinachonitia wasiwasi kuliko mpaka na sheria ni mpira wenyewe.

Tope la dhahabu ulilolizoea lina chokaa. Wachenjuaji hulishikilia kwenye pH (kipimo cha asidi na chokaa) ya 10 na zaidi ili sayanaidi, dawa ya kuyeyusha dhahabu, isigeuke gesi ikaua watu. Mpira wa asili hauna ugomvi na tope hilo: mchanga unaugonga, unabonyea, unarudi mahali pake. Sasa nenda Kolwezi. Viwanda vingi vya kule vinachenjua shaba na kobalti kwa asidi ya salfa. Ule mchuzi wa shaba ukishachujwa, unakutanishwa na dawa iliyoyeyushwa katika mafuta ya jamaa moja na mafuta ya taa, ili dawa ikamate shaba na kuacha uchafu. Mpira wa asili ukionja mafuta hayo, unavimba.

Hilo sikulisoma mahali. Siku moja niliitwa kiwandani, pampu imefunguliwa, laina imevimba mpaka inasuguana na impela. Fundi mkuu akaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, alama ikabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Akanitazama: “Mama Pompe, hii njo ya wapi?” Ilikuwa ya kwangu. Nilikuwa nimeuza laina nzuri kabisa kwa pampu isiyo yake. Kuanzia siku ile sitoi bei kabla sijajua pampu inakunywa nini.

Kwa hiyo zile barua nne ziandike upya, na safari hii ziwe na maswali. Pampu iko kabla au baada ya mafuta? Asidi ni gramu ngapi kwa lita? Joto je? Chembe kubwa kabisa ya mchanga ina milimita ngapi? Impela inazunguka kwa kasi gani? Halafu swali linalofungua milango: laina ya mwisho ilidumu saa ngapi? Msimamizi wa kiwanda anaishi kwa saa hizo. Pampu ikisimama, kinu nacho kinasimama, na simu zinaanza kulia kutoka juu. Wewe ulimtumia bei ya kilo ya mpira. Angeifanyia nini?

Tena usiziandikie ofisi za manunuzi peke yake. Manunuzi hununua alichoomba mtu wa matengenezo. Mtafute huyo. Mwezi wa Juni Lubumbashi huwa na maonyesho ya DRC Mining Week. Nenda na vipande vya mpira kwenye mkoba, kila kipande na kadi yake: kimekaa wapi, saa ngapi, kimelika kiasi gani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, na dola zako ziwe safi. Noti iliyochanika hata kwa upana wa punje ya mchele, Kongo hawaipokei. Mimi niliwahi kulala na njaa Likasi nikiwa na dola mia mfukoni.

Lugha isikutishe. Eneo lote la Katanga, Kolwezi na Lubumbashi zikiwemo, wanasema Kiswahili. Watasema “batu” pale unaposema watu, na wakifika kwenye tarehe na hesabu watahamia Kifaransa bila kukuaga, lakini karakanani mtaelewana vizuri kuliko unavyodhani. Karatasi ndiyo habari nyingine. Ankara, mkataba na maelezo ya kifaa viwe kwa Kifaransa, na mtafsiri awe anaijua pampu. Wa kwangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa fasihi. Aliandika ankara tamu sana na hakuna fundi aliyejua tunauza nini.

Chagua pia mgodi unaokufaa. Si wote wanaotumia asidi. Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, mawe yao ni ya salfaidi. Wanayasaga, wanaielesha shaba kwenye povu na kupata makinikia, na tope la namna hiyo halina asidi wala yale mafuta. Mpira wako wa Mwanza uko karibu zaidi na kazi hiyo kuliko na matangi ya asidi ya mgodi wa Tenke Fungurume. Ningekuwa wewe ningeanzia kwenye pampu za vinu, nikajijengea jina, ndipo niagize mpira wa kutengenezwa maabara kwa ajili ya asidi na mafuta.

Kuhusu sheria, ulichosikia kina ukweli mwingi. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 imezihifadhi kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani na makao makuu nchini humo. Mgodi ukithibitisha kwamba utaalamu fulani haupatikani kwao, unaweza kumchukua mgeni, lakini kwa muda usiozidi miezi 6. Msimamizi ni mamlaka iitwayo ARSP. Kuuza kreti la laina kutoka Mwanza na kuweka mafundi wako Kolwezi wavalishe impela pale pale ni mambo mawili tofauti; hilo la pili limo ndani ya sheria hii moja kwa moja, na hata la kwanza muulize mwanasheria wa Lubumbashi kabla hujasaini.

Utakutana na mtu wa kukuazima jina. Atakuja na suti nzuri na atasema yeye ataandikwa mwenye kampuni, wewe utaendesha. Mkimbie. ARSP inawasaka hao, na siku mkikosana, kampuni ni yake kwa maandishi. Tafuta karakana ya kweli, yenye mashine yake ya kukereza vyuma, mafundi wake na namba yake ya usajili, inayotengeneza pampu lakini haijui mpira. Wao wafanye kazi na wawe na mkataba wa mgodi. Wewe wauzie mpira mbichi, gundi na maarifa, na wafundishe vijana wao. Utapata kidogo kwa kila impela, ila utalala usingizi.

Sasa mpaka. Mzigo wako utapita Tunduma, utakata Zambia mpaka Chingola, halafu Kasumbalesa. Foleni ya malori pale waijue tu wanaolala chini ya matrela. Mara yangu ya kwanza nilipeleka laina 12 kwa masharti ya DDP. Herufi tatu tu, nami nilizikubali kwa sababu mnunuzi alizipenda. Maana yake ni kwamba ushuru, ukaguzi, maegesho, kila kitu mpaka getini kwa mgodi ni juu ya muuzaji. Ankara yangu ilisema sehemu za pampu, namba ya forodha 8413.91. Orodha ya upakiaji, aliyoandika kijana wa stoo, ilisema “bidhaa za mpira”, na hizo kwa forodha ni 4016. Ofisa akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akanyamaza, akaenda kula. Tulikaa siku 9. Faida ya laina 12 iliishia kwenye maegesho.

Wewe utauza nje kwa DAP, yaani unafikisha mzigo lakini ushuru ni wa mnunuzi, na karakana mwenzako ndiyo iwe mwagizaji: itoe FERI, fomu ya Kongo ya taarifa za mzigo unaoingia, kabla lori halijaondoka na ilipe ushuru yenyewe. Karatasi zote ziseme neno moja. Mpira mbichi una namba yake, 4005, usiuchanganye na uliokwisha kupikwa. Na kumbuka mpira mbichi haupendi foleni: siku kadhaa chini ya turubai lenye jua la Oktoba, unaanza kuiva wenyewe ukiwa bado umeviringishwa, na ukifika haushiki tena. Panga safari kwenye miezi ya baridi, Juni na Julai, au lipia kontena la ubaridi. Gundi nayo inashika moto, dereva aambiwe na itangazwe, isifichwe katikati ya mizigo.

Malipo. Utaambiwa siku 30, utalipwa siku 90. Usianze bila LPO (hati ya mnunuzi ya kuagiza) yenye namba, na omba malipo ya awali. Usimtegemee mnunuzi mmoja. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaingiza mgao kwa kila mzalishaji. Shaba iliendelea kutoka, lakini jiulize: mgodi ambao kobalti yake imelala ghalani utaanza kuchelewesha ankara ya nani? Ya fundi wa mpira kutoka Mwanza.

Ulipotaka kujua kama uende na mzigo, hapo ndipo nasema nenda, lakini na laina mbili tu. Moja ifungwe kwenye pampu yao, kwa gharama yako, ikiwa na tarehe iliyochongwa mgongoni. Ya pili ibaki stoo kwa karakana mwenzako ili ya kwanza ikichoka usiku wa manane, wasingoje lori.

Majibu ya yale maswali yakirudi, niandikie tena. Na mstari wa kwanza uwe huu: iko kabla au baada ya mafuta?