Waridi la jangwani limelainika tumboni, na namwagilia kila asubuhi

Swali: Habari za kazi bwana bustani. Nina waridi la jangwani nililonunua miezi minne iliyopita, liko chumbani karibu na dirisha, hapo ndo nakaaga asubuhi dakika 15 kufanya meditesheni. Namfuatilia mwalimu mmoja mtandaoni anasema umwagilie ua lako kila siku taratibu huku unahesabu pumzi, eti linapokea utulivu wako. Mwezi wa kwanza lilijaa maua, sasa hivi hamna hata moja, majani yamekuwa ya njano yanadondoka, na lile tumbo la chini ukilibonyeza linabonyea. Aliyeniuzia anasema limekosa nguvu niweke busta. Nifanyeje? Na ni kweli ua chumbani linamaliza hewa usiku? – Msomaji, Tabata

Jibu: Dada wa Tabata, pole, na hiyo busta usinunue. Tumbo la mmea unaomwagiliwa kila siku likibonyea ujue limeshaoza ndani, na mbolea kwenye mzizi uliooza ni kumlisha pilau mtu anayetapika.

Fanya hivi leo leo. Litoe kwenye chungu, kung'uta udongo wote, osha mizizi uione. Chukua kisu kikali ukipanguse na spiriti, kata sehemu yote laini mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu isiyo na doa la kahawia hata moja, na kila ukikata panguse tena maana uozo unasafiri na kisu. Vaa glavu, nitakwambia kwa nini. Likishabaki safi liache kivulini penye upepo, bila udongo bila maji, wiki nzima au hata siku kumi, usilionee huruma, mpaka kidonda kikauke kiwe kigumu. Hapo ndo ulipande kwenye mchanga wa chengachenga wa kujengea (sio wa baharini, ule una chumvi) uliochanganywa na kokoto ndogo na samadi kidogo iliyooza vizuri, chungu kiwe na matundu, halafu kaa wiki nyingine ndo uanze kumwagilia. Ukikuta tumbo lote limekwenda, kata tawi zima lililo salama, likaushe vilevile ulipande, litashika, ila mara nyingi halitoi tumbo nene kama la mche wa mbegu.

Hewa ya usiku sahau, ua moja linavuta kidogo sana, mdogo wako akija kulala hapo anavuta zaidi na humfukuzi. Shida ya chumbani ni jua. Huu mmea unataka jua la moja kwa moja kwa muda wa masaa sita au zaidi kwa siku.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Hakuna wiki inapita sijaletewa hapa kitaluni waridi la jangwani lililooza, na mwenyewe anaapa kwamba alikuwa analipenda, analimwagilia kila siku, hajawahi kusahau. Ndo hivyo jamani, kutokusahau ndo kumeliua! Huu mmea wala haujaletwa na meli, ni wa huku kwetu, pita Tsavo wakati wa kiangazi uone vichaka vyote vimebaki vijiti vitupu halafu huyu kasimama kwenye mawe kachanua pinki bila jani hata moja, na ndugu zetu walioko Oman wanaujua kwenye milima ya Dhofar. Lile tumbo ni tangi lake la maji, kalijaza mwenyewe, we unamwongezea nini? Udongo ukikaa na maji muda wote mizizi inakosa pumzi, inakufa, ukungu unaingia, na unapoona majani ya njano we unadhani ni kiu unaongeza maji, basi umemaliza kazi.

Na yale maua ya mwezi wa kwanza, samahani kukwambia, hayakutokana na meditesheni yako. Vitumba vilianza kutoka huko ulikolinunua, kwenye jua.

Sina ugomvi na mtu kukaa akatulia mbele ya ua, mimi mwenyewe jioni vijana wakiondoka navuta kiti nakaa. Ila hiyo ni kazi ya macho. Kitumba cha huyu mmea kimejisokota kama nguo iliyokamuliwa, siku kwa siku unaona kinavyojifungua, hicho kinatosha kukukalisha dakika 15 bila kushika kopo. Kama mkono unawasha lazima umwagilie, nunua mrehani, ule unapenda maji na ukiupitishia kiganja tu chumba kizima kinanukia. Waridi la jangwani lipeleke kibarazani kwenye jua, choma kijiti kwenye udongo mpaka chini, kikitoka na unyevu acha. Wakati wa masika liweke chini ya paa.

Hao walimu wa mtandaoni hawajawahi kushika jembe, kwao ua ni ua tu, leo anakwambia mwagilia, kesho anakwambia chemsha unywe ulale vizuri. Na hapo ndo natetemeka. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu ya moyo, wawindaji walikuwa wanapaka kwenye mishale, ndo maana nikasema glavu, na usijiguse macho. Kuna yale maua makubwa meupe au ya njano yanayoning'inia kama tarumbeta, yamejaa sehemu za baridi kama Lushoto na Arusha, nimeshaulizwa mara kadhaa kama chai yake inaleta usingizi. Haileti usingizi, inamvuruga mtu akili, anaona visivyokuwepo, moyo unakimbia, na anaweza kufa. Mtu akishakunywa kitu kama hicho apelekwe hospitali saa hiyohiyo pamoja na kipande cha mmea, msikae nyumbani mnampa maziwa. Ua kunukia vizuri au kuwa zuri hakulifanyi liwe dawa, na anayekuuzia unga wa maua kwenye kichupa bila jina la mmea usimpe hata mia.

Ukimaliza kukata nitumie picha ya pale ulipokata, tumbo likiwa limegeuzwa juu. Ukiona bado kuna kiduara cha kahawia katikati, hata kidogo kama punje ya mtama, usinisubiri, kata tena.