Maikrowevu inatoa cheche: nifungue kava nisafishe ndani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Maikrowevu yangu imeanza kutoa cheche kwenye ukuta wa kulia, pale penye kibamba cha kijivu kama karatasi ngumu. Chakula nacho kinanuka moshi. Nimeona video ya mtu amefungua kava lote anasafisha kwa brashi. Na mimi nifungue?

JIBU: Usifungue. Tatizo lako liko upande unaowekea chakula, na huko unafika bila kugusa kava.

Hicho kibamba ni maika, yaani madini yanayostahimili joto. Kinaziba tundu ambalo mawimbi ya magnetroni (kifaa kinachozalisha mawimbi ya kupasha chakula) hupitia, ili mvuke na mafuta visiingie huko. Mafuta yakikirukia na kuungua huacha masizi, na masizi hayo hupitisha umeme; hapo ndipo cheche zinapoanza. Chomoa plagi, kitoe polepole (huvunjika upesi), kisha kifute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Kikiwa kizima, kikaushe kabisa ndipo ukirudishe. Kikiwa na doa jeusi lisilotoka, au kimetoboka, usipoteze muda kukikwangua. Maika huuzwa pia kwa karatasi nzima: lazia kile cha zamani juu yake, chora, kata kwa mkasi. Usiiwashe mashine tundu likiwa wazi.

Kabla ya kurudisha, mulika ukuta kwa tochi. Rangi ikiwa imebanduka na chuma kinaonekana, cheche zitarudi hata ukiweka maika mpya. Iko rangi maalumu ya ndani ya maikrowevu. Nyingine yoyote usijaribu.

Kuta zilizoganda mafuta, chemshia humo bakuli la maji yenye limau au siki kwa dakika 3 hadi 5, acha mlango umefungwa dakika nyingine 5, kisha futa. Tumbukiza kijiko cha mti kwenye bakuli kabla ya kuwasha, maana maji ya maikrowevu huweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa yametulia tuli, halafu yakakurukia ukiyagusa. Dodoki la waya marufuku: linakwaruza rangi, na nyuzi zake zikibaki humo nazo hutoa cheche. Pete yenye vigurudumu chini ya sahani ioshe tu. Kelele nyingi za kukwaruza hutoka hapo.

Sasa hilo kava. Nyuma yake kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayofanya kazi kwenye volti zipatazo 2,000, na inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Umeme huo unaua. Yule wa kwenye video huenda aliitoa chaji kabla kamera haijawashwa, wewe hukuona. Vumbi la kwenye matundu ya hewa livute kwa nje kwa mashine ya kufyonza vumbi, plagi ikiwa imechomolewa.

Ukishabadilisha maika, ukuta ukawa safi na rangi nzima, lakini cheche bado zipo, angalia kofia ndogo ya magnetroni kupitia lile tundu. Ikiwa imeungua au kuyeyuka, mpelekee fundi.