Ukienda Kwenye Mnara wa Taa, Subiri Giza

Wageni wengi hufika kwenye mnara wa taa saa sita mchana, wakapiga picha mbili tatu, wakaondoka. Mimi hupenda kufika alasiri, jua likiwa limepoa na ngazi hazina foleni, kisha nabaki mpaka taa iwake. Nawe nakushauri hivyo hivyo.

Kabla ya kupanda, tazama rangi za ukuta. Si mapambo. Mchana mwanga wa taa haumsaidii sana baharia, kwa hiyo huutambua mnara kwa umbo na rangi zake. Ule wa Cape Hatteras, Marekani, uliowashwa mwaka 1870, una mistari myeusi na myeupe inayouzunguka hadi juu. Mwaka 1999 ulisogezwa mzima mzima zaidi ya mita 800, kwa kuwa bahari ilikuwa imeula ufuo.

Ukifika juu, usikimbilie dirishani. Tazama lenzi kwanza, kama bado ipo. Zamani minara iliwashwa kwa kuni, makaa au mishumaa, na mwanga mwingi ulipotea angani. Mfaransa Augustin Fresnel akabuni lenzi ya vipande vya kioo vilivyopangwa duara juu ya duara, vinavyokusanya mwanga na kuurusha baharini. Ya kwanza iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Ukikuta pazia limefungwa mchana, ujue lina kazi: lenzi hiyo hiyo inaweza kukusanya miale ya jua na kuwasha moto ndani. Baadhi ya lenzi zenye uzito wa tani kadhaa zilielea juu ya zebaki, zikazungushwa kwa msukumo mdogo tu. Hapo ndipo mimi hutumia muda mrefu kuliko kwenye mandhari yenyewe.

Soma pia habari za mnara kabla ya kwenda, maana hata mandhari hubadilika machoni. Chukua Eddystone, kwenye miamba iliyo mbali kidogo na Plymouth, Uingereza. Henry Winstanley aliwasha mnara wake hapo mwaka 1698. Tufani ya 1703 ikauchukua, naye akiwa ndani. Uliofuata ukateketea kwa moto mwaka 1755. John Smeaton akajenga wa mawe yaliyoshikana kwa kuingiliana, ukawashwa 1759 kwa mishumaa 24. Mnara huo haukushindwa na mawimbi. Kilicholika ni mwamba chini yake, hivyo sehemu ya juu ikahamishiwa Plymouth, ambako watu bado wanaipanda.

Giza likiingia, toka na saa yako uhesabu. Kila taa ina mpigo wake: ya mnara uliopo Eddystone leo humulika mara mbili kila sekunde 10, na nahodha akihesabu hivyo anajua yuko wapi bila kuuona mnara.

Wapiga picha, wakati mzuri ni muda mfupi baada ya jua kuzama, anga ikiwa bado na buluu. Kamera iwe kwenye miguu mitatu, na usimame mbali kidogo ili bahari iingie kwenye picha. Vaa viatu visivyoteleza, chukua koti la upepo, na uulize saa za maji kupwa na kujaa. Kuna minara unayoifikia kwa miguu maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, utasubiri huko huko.