Dalali wa mtandaoni, usiazime anwani

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Wete alinifuata Darajani baada ya sala ya alasiri. Ana tovuti yake ya kuwaelekeza wageni wanaokuja kupiga mbizi Pemba, na kila akitaja miwani ya kuogelea au viatu vya baharini huweka linki ya duka la Marekani. Mgeni akinunua, yeye hupata kamisheni. Alitaka kunionesha jinsi mambo yake yanavyokwenda.

"Ammi, mwaka wa pili huu nalipwa. Anwani nimeweka ya dada yangu, yuko New Jersey. Hela zikiingia kwake ananitumia."

Nikamwambia tutafute pahala tukae kitako. Kosa hilo nililifanya mimi kabla yake, na sikutaka ajifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Nilianza udalali wa mtandaoni mwaka 2009, kwenye duka la intaneti Mlandege, nikilipa kwa saa. Nilikuwa natembeza wageni, na maswali yao yalikuwa yale yale. Pwani ya Paje na Jambiani, hasa siku za bamvua, maji yakitoka hutoka mbali sana, na mgeni anayekwenda peku juu ya matumbawe hurudi na miguu imechanika. Nikaona niandike ushauri huo mara moja, na chini yake niweke linki ya viatu vinavyofaa. Duka nililojiunga nalo lilikuwa likilipa kwa hundi ya dola. Hundi ya dola hapa Unguja wakati ule ilikuwa shughuli ya wiki nyingi. Mtoto wa ammi yangu anaishi California, nikamwomba nitumie jina lake, anwani yake na namba yake ya kodi. Akakubali bila ya kuuliza sana, kama ndugu wanavyokubaliana.

Jambo la kwanza kuharibika lilikuwa kwake, sio kwangu. Mwanzoni mwa 2011 alipokea karatasi wanayoiita 1099, ikionesha kuwa mwaka uliotangulia alilipwa kamisheni ya dola elfu moja na mia kadhaa. Nakala yake ilikwishafika kwenye mamlaka ya kodi ya kule. Kwa macho ya serikali yao, pesa zile zilikuwa pato lake. Akazilipia kodi, yeye ambaye hakula hata senti moja. Hakunigombeza. Nilimrudishia nusu tu, kwani nyingine nilikwishaitumia, na deni hilo lilinikaa moyoni mpaka nilipolimaliza.

La pili lilikuja tarehe 29 Juni mwaka huo huo. Ilikuwa kusi, wageni wamejaa, na mfungo uko mwezi mmoja mbele. Nikapata barua pepe kuwa madalali wote wa California wameachishwa. Mimi nimekaa Mikunguni, nimefutwa kwa sababu ya jimbo ambalo sijalikanyaga.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini, na ningependa mwenzangu aelewe mapema. Marekani haina kodi moja ya mauzo kwa nchi nzima. Kila jimbo lina yake, na matano, yaani Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, hayana kodi hiyo katika ngazi ya jimbo. Mwaka 1992, kwenye kesi ya Quill na North Dakota, mahakama ya juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kulilazimisha duka kulikusanyia kodi ya mauzo kama duka hilo halina mguu jimboni: hakuna ghala, hakuna ofisi, hakuna mfanyakazi. Maduka ya mtandaoni yakauza kwa raha chini ya hukumu hiyo.

Mwaka 2008 New York ikaja na hoja nyengine. Mtu anayeishi New York, akaweka linki na kulipwa kamisheni, ni wakala wa duka. Kama mauzo yanayopitia kwa watu kama hao yamezidi dola 10,000 kwa mwaka, basi duka lina mguu New York, na likusanye kodi. Mguu wenyewe ni dalali! Majimbo mengine yakaiga, na baadhi ya maduka yakaona bora kuukata mguu kuliko kukusanya kodi. Amazon iliwaacha madalali wa North Carolina na Rhode Island mwaka 2009, na wa Colorado mwaka 2010. California ilipotia saini sheria yake siku ile ya Juni 2011, maelfu ya watu walikosa pato, na ndani yao nilikuwemo mimi kwa anwani ya kuazima.

Septemba mwaka ule California na Amazon zilipatana, sheria ikasogezwa mbele kwa mwaka mmoja, na madalali wakaitwa tena. Msimu wangu ulikuwa umeshapita. Lakini ngoja niseme lililoniuma zaidi: laiti ningeandika Zanzibar tangu mwanzo, barua ile isingenihusu. Sheria zile ziliwagusa waliomo ndani ya majimbo tu.

Kijana akaniuliza kama hatari hiyo ingalipo. Hiyo ya kufutwa kwa ajili ya jimbo imepungua sana. Tarehe 21 Juni 2018 mahakama ile ile, majaji watano kwa wanne, iliiondoa hukumu ya Quill kwenye kesi ya South Dakota na Wayfair. South Dakota ilikuwa imeweka kipimo cha mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka, bila kujali duka lina mguu au halina. Majimbo mengi yakaweka vipimo vyao. Duka kubwa siku hizi linakusanya kodi kufuata mahali alipo mnunuzi, na dalali hahesabiwi tena kuwa sababu. Iliyobaki ni ile ya karatasi ya 1099, na hiyo ndiyo inayomkabili dada yake wa New Jersey.

Basi nikamwambia afanye hivi. Aandike anwani yake ya Wete. Ajaze fomu ya W-8BEN, ambayo ni ya mtu asiye Mmarekani, kwa jina lake mwenyewe. Kwenye maswali ya kodi ataulizwa kazi inafanyika wapi, na jibu la kweli ni kuwa anaifanya Pemba. Kamisheni ya kazi iliyofanyika nje ya Marekani haihesabiwi kuwa pato la Marekani, kwa hiyo haikatwi ile kodi ya asilimia 30 ambayo wasio Wamarekani wengi huiogopa. Fomu hiyo haiishi milele: ukiitia saini mwaka 2025, mwisho wake ni 31 Disemba 2028. Mimi nimeandika tarehe yangu ukutani, juu ya meza.

Kodi ya mauzo yenyewe si yako wewe dalali. Analipa mnunuzi, anakusanya duka. Ila inakufikia kwa mlango wa nyuma. Kamisheni huhesabiwa kwenye bei kabla ya kodi na usafirishaji, kwa hiyo usipige hesabu kwa jumla aliyolipa mgeni. Halafu bei ya duka la Marekani huandikwa bila kodi, wakati Mjerumani au Mwingereza amezoea bei iliyokwisha kujumlisha VAT. Niliwahi kuandika "bei ni dola 40 tu" na msomaji akanilalamikia kuwa alilipa zaidi, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nasema bei inaweza kuongezeka kodi kulingana na anakoishi, na pale pale juu nasema kuwa nalipwa akinunua kupitia kwangu. Mgeni aliyesumbuliwa na mapapasi, wale vijana wanaowaganda wageni, tangu bandarini Malindi anastahili dalali anayemwambia ukweli.

Kodi iliyo yako ni ya mapato, na hiyo ni ya hapa nyumbani. Wengi wetu huchanganya ofisi. VAT ya Zanzibar, ambayo kwa kawaida ni asilimia 15 wakati Bara ni 18, inakusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, iko Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, na ofisi zake zipo Unguja na Pemba. Chukua TIN, namba ya mlipakodi. Mwaka wa kodi ni Januari mpaka Disemba, na malipo ya makadirio yanakwenda kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba. Ukitangaza hoteli ya hapa na ikakukata kodi ya zuio, dai cheti chake kabla hujaondoka mlangoni, maana bila ya cheti ni taabu kuthibitisha kuwa ulishakatwa.

Na weka daftari. Langu lina safu nne: tarehe pesa ilipoingia, dola, kiwango cha kubadilisha cha siku ile, shilingi. Siku nilipokaa na ofisa wa kodi kwa mara ya kwanza, daftari lile ndilo lililotufanya tumalize kabla ya adhuhuri.

Juzi kijana amenitumia ujumbe. Ameshabadilisha anwani, fomu imekubaliwa, na hela sasa zitaingia kwenye akaunti yake. Kisha akaongeza: "Dada nimemhadithia. Kumbe mwaka jana alilipa kodi ya kitu asichokijua, akadhani wamekosea kazini kwake. Nimeanza kumrejeshea."