Maswali Yenu ya NFL (Ligi ya Futiboli ya Marekani): Tuchukue Kwotabeki Sasa Hivi au Tusubiri?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni shabiki wa Jets na nimechoka kabisa, hatujaingia mtoano tangu msimu wa 2010, mashambulizi yetu hayaendi popote halafu uongozi umekaa tu unaangalia, mbona wasitoe chaguo la raundi ya kwanza la drafti (zamu ya kuchagua wachezaji wapya toka vyuoni) wakamleta kwotabeki mzoefu, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kabla dirisha la tredi (kubadilishana wachezaji) halijafungwa? Nikisema hivi wenzangu wananiambia sijui mpira.

JIBU: Pole sana kaka, na wenzako wanakuonea, mpira unaujua, ila hapo kwenye raundi ya kwanza ndo tunapoachana mimi na wewe. Kwotabeki akija katikati ya msimu ana kazi kubwa mno. Anatakiwa ajue kitabu chote cha mbinu, nani anamzuia nani, mpokeaji yupi anakata kuingia ndani akiona beki kasogea nyuma, na kocha anaongea naye kwenye helmeti sawa, lakini ile redio inakatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mpira, kuanzia hapo yuko peke yake.

Utaniambia mbona kwotabeki Joshua Dobbs aliweza. Kweli, Vikings walimchukua toka Arizona mwisho wa Oktoba 2023 baada ya kwotabeki wao Kirk Cousins kuchanika kano ya kisigino, siku chache tu baadaye akaingia akitokea benchi wakawafunga Atlanta 31-28, na mimi nilifurahi kama wengine wote. Lakini ile moto haikudumu, Desemba akawekwa benchi na Vikings wakamaliza 7-10 (wameshinda 7, wamepoteza 10). Mfano ninaoupenda mimi ni kwotabeki Jimmy Garoppolo. 49ers walimtoa Patriots 2017 kwa chaguo la raundi ya pili, wakati huo hawajashinda mechi hata moja kati ya nane, na hawakumkurupusha, wakamwacha ajifunze wiki kadhaa, alipoanza akashinda mechi zote tano. Na bado walimaliza 6-10! Yaani hata tredi ikikubali namna hiyo, msimu wenyewe unakuwa umeshaenda.

Na nyie Jets ndo mnalijua hili kuliko wote jamani. Kwotabeki Aaron Rodgers alikuja Aprili 2023, akapata mazoezi yote ya kabla ya msimu, akaumia snapu ya nne (mara ya nne mpira kuanzishwa) ya mechi ya kwanza. Oktoba 2024 mkaongeza mpokeaji Davante Adams, rafiki yake toka timu ya Green Bay, mkamaliza 5-12, na msimu uliofuata wote wawili hawakuwepo. Machaguo mliyotoa kuwapata hayakurudi. Ningekuwa mimi ndo nakaa kile kiti, hela na machaguo yangeenda kwenye laini ya mbele inayomlinda kwotabeki, maana huyo mpya akikosa sekunde tatu za kusimama ataonekana mbovu kama huyu mnayemzomea.

SWALI: Dirisha likishafungwa timu inafanyaje mtu akiumia?

JIBU: Dirisha linafungwa Jumanne baada ya wiki ya 9 (zamani ilikuwa wiki ya 8, wakabadilisha 2024). Baada ya hapo hakuna kubadilishana, ila bado unaweza kumsajili mtu aliyeachwa na timu yake au asiye na timu, kwa hiyo usikate tamaa ila usitegemee nyota.

SWALI: Mimi na shemeji tunagombana kila Jumapili. Mimi nasema Rams ndo waliofaidika kuliko Detroit kwenye ile tredi ya makwotabeki Stafford na Goff, yeye anasema Detroit ndo walioshinda. Tuamulie.

JIBU: Dada, hapo mtagombana mpaka mzeeke kwa sababu wote mko sahihi. 2021 Rams walitoa Jared Goff, machaguo mawili ya raundi ya kwanza na moja la raundi ya tatu, wakampata Matthew Stafford na msimu huohuo wakabeba Super Bowl, yaani fainali ya ligi, 23-20 dhidi ya Bengals. Kombe ni kombe, hapo umemshinda. Lakini yale machaguo Detroit waliyacheza vizuri mno, wakayatumia kusogea juu na chini kwenye drafti wakapata wachezaji Jameson Williams na Jahmyr Gibbs, na Goff ambaye watu walimuona kama mzigo tu wa mshahara akaja kumfunga Stafford mwenyewe Januari 2024, 24-23, Detroit wakashinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1991. Mwaka uliofuata wakamaliza 15-2. Ukinilazimisha nichague nachukua upande wako, kwa kuwa Rams walijua wanataka nini na wakakipata, ila mwambie shemeji kuwa Goff anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.