Maswali ya Wasomaji: Titi, chupa na kisigino cha mtoto mwenye PKU

SWALI: Nina mtoto wa siku 9. Siku ya 5 alitobolewa kisigino, sasa tumeambiwa ana fenilketonuria, wanaiita PKU. Ananyonya vizuri, hana homa. Kweli anaumwa? Nimwachishe titi? Mama mkwe anasema ugonjwa umetoka kwetu.
*Mama N., Leicester, Uingereza*

JIBU: Hongera kwa mtoto, Mama N., na pole kwa mshtuko. Ndiyo, anaumwa, ingawa kwa macho huoni kitu. Alipokuwa tumboni, mwili wako ulimsaidia kazi ambayo wake hauiwezi.

Protini ikishasagwa hutoa fenilalanini, na ini lina kimeng'enya cha kuigeuza kuwa tirosini. Kwa mwanao kimeng'enya hicho hakifanyi kazi ipasavyo, kwa hiyo fenilalanini inajaa kwenye damu. Kuingia kwenye ubongo hupita mlango uleule wa tirosini na triptofani, vipande vingine vya protini, na ikizidi huwazuia wenzake nje. Ubongo hukosa malighafi ya dopamini na serotonini, kemikali zinazopitisha ujumbe wake, na utando unaofunika nyuzi za neva haujengeki sawasawa. Madhara ya miezi ya mwanzo hayarudi nyuma, ndiyo maana wanakuharakisha.

Titi usimwachishe. Fenilalanini kidogo anaihitaji ili akue, na maziwa ya mama yanayo chache kuliko maziwa ya kopo ya kawaida. Kama kipimo cha kwanza kilikuwa juu sana, huenda wakakusimamisha siku chache. Hapo kamua mara kwa mara yasikauke. Baadaye, kila mlo anza na chupa ya maziwa maalumu yasiyo na fenilalanini, kwa kipimo ulichoandikiwa, kisha titi mpaka aridhike. Usigeuze mpangilio: akishashiba titi, chupa itabaki. Fenilalanini ya damu ikipanda, mtaalamu wa lishe huongeza chupa ili titi lipungue. Ikishuka mno, hupunguza chupa.

Utafundishwa kumtoboa mwenyewe ili damu ipimwe, kwa kawaida kila wiki. Pasha mguu kwa maji ya uvuguvugu, toboa pembeni mwa kisigino, kamwe si katikati wala nyuma. Tone moja kubwa lijaze duara la kadi ya kukusanyia damu hadi lionekane upande wa pili. Tone juu ya tone huharibu kipimo. Kadi ikauke kabisa kabla ya kuitia kwenye bahasha. Lengo ni fenilalanini ya maikromoli 120 hadi 360 kwa lita ya damu.

Na hilo la mama mkwe: mtoto hapati PKU mpaka arithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Nyote wawili mnaibeba bila kuumwa, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Mwambieni pamoja, baba mtoto akiwepo.

SWALI: Wangu ana miaka 2. Alipata homa siku 3, akakataa kula. Damu imefika 700, na nyama hajaigusa!
*Baba K., Birmingham*

JIBU: Amejila mwenyewe, Baba K. Mtoto asipopata nguvu ya kutosha, mwili huvunja misuli yake, na misuli ni protini. Siku za homa mpe maziwa maalumu kidogo kidogo, pamoja na vinywaji vyenye sukari. Angalia na dawa ya homa: baadhi ya dawa zisizo na sukari zina aspateme, kitamu bandia ambacho tumboni hutoa fenilalanini. Mwulize mfamasia kabla ya kulipa. Akikataa hata kunywa, au akitapika kila anachopewa, piga simu kliniki siku hiyohiyo.

SWALI: Ugali na maharage ndiyo basi?
*Mama S., London*

JIBU: Maharage, ndiyo. Ugali unapimwa kwa mizani. Gramu 1 ya protini ina takriban miligramu 50 za fenilalanini, na huko Uingereza hiyo huhesabiwa fungu moja. Gramu 100 za unga wa mahindi zina protini kama gramu 8, yaani mafungu 8, na mtoto mwingine kwa siku nzima hapewi hata hayo. Wali uliopikwa, gramu 45 ni fungu moja. Viazi vya kuchemsha, gramu 80. Dagaa, mayai, karanga na nyama havimo kabisa. Embe, papai na chungwa ale bila kuhesabu. Pima chakula kikishaiva kama orodha inasema kilichoiva: wali hunywa maji, na gramu 45 za mchele mkavu ni karibu mafungu 3.